Wageni wasioalikwa kwenye mawe hai: anemoni wa kioo, mlio wa usiku na kaa mwenye nywele (tangi la lita 240, Ntinda)

#1 MajiChumvi_Ntinda

Jamani, naomba ushauri kabla mkono wangu haujafanya kosa.

Tangi langu la samaki wa maji chumvi ni la lita 240, lina miezi saba, lipo sebuleni hapa Ntinda. Hadi mwezi uliopita lilikuwa na mawe makavu tu, samaki wawili wa anemoni, konokono kumi na wawili na vipande vitatu vya matumbawe laini. Kisha mzee mmoja aliyekuwa anafunga tangi lake ili arudi kwao akaniuzia mawe hai kilo 18, yaani mawe ya mwamba wa bahari yenye viumbe hai juu na ndani yake, yaliyokaa majini kwake miaka mingi. Mnajua wenyewe jiwe hai lilivyo adimu hapa kwetu. Bahari iko zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, na mawe haya yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, pamoja na matumbawe magumu, kwa hiyo hayavuki mpaka bila kibali. Nilipoyaona yamevaa zambarau, yana sifongo, yana vidudu vinavyotembea, nilijua sitapata tena nafasi kama hiyo. Nikayabeba kwenye ndoo tatu, nikayapanga tangini jioni ileile.

Leo ni siku ya 26. Kwanza, kuna vitu vya kahawia vinavyopenya mwanga, kama ua la kioo lenye minyiri mirefu. Ukikigusa kinajivuta ndani ya tundu mara moja. Wiki ya kwanza niliona vinne, leo nimehesabu 31. Kimoja nilikikwangua kwa kisu, na mahali pale pale sasa pana sita.

Pili, usiku nasikia mlio, "tak!", kama mtu anayegonga kioo kwa ukucha. Konokono wamebaki saba. Magamba mawili nimeyakuta yamepasuliwa vipande.

Tatu, taa zikizimwa inatoka minyoo ya rangi ya waridi yenye nywele nyeupe pembeni, mmoja ni mrefu kuliko kidole changu. Na kuna kaa mdogo mwenye nywele mwili mzima, ncha za makucha nyeusi.

Jirani yangu ambaye naye anafuga samaki ameniambia nitoe mawe yote, niyachemshe nusu saa, nianze upya. Nimeshaazima sufuria ya sherehe. Nifanye hivyo?

#2 Mama_Tangi_Entebbe

Mwanangu, USICHEMSHE. Weka sufuria chini, kisha nisome.

Mawe yaliyokaa kwenye tangi la mtu miaka mingi mara nyingi yana zoanthidi, vile vitumbawe laini vinavyokaa kwa kundi kama vifungo vya shati. Baadhi ya jamaa zao, hasa Palythoa, hubeba sumu iitwayo palitoksini. Wanasayansi wa Hawaii waliieleza mwaka 1971, na hadi leo inahesabiwa miongoni mwa sumu kali kabisa zinazopatikana kwa viumbe. Joto la jikoni haliiharibu. Ukichemsha jiwe, mvuke unainua matone madogo yenye sumu hiyo na nyumba nzima inavuta: kifua kinabana, kikohozi, homa, misuli inauma, moyo unapoteza mwendo. Hakuna dawa ya kuizima. Daktari atakusaidia kupumua huku mwili ukipigana.

Mwaka 2018 familia moja ya kijijini karibu na Oxford, Uingereza, ilifikishwa hospitalini baada ya tumbawe kutolewa kwenye tangi na kusafishwa, na wazima-moto waliokwenda kuwasaidia nao wakapelekwa. Hao hawakuchemsha hata kidogo, walisafisha tu.

Mimi nilipoanza nilimwagia jiwe maji ya moto jikoni, dirisha limefungwa. Nilikohoa siku mbili na mwanangu mdogo akapata homa usiku uleule. Sikujua sababu hadi nilipokuja kusoma baadaye. Ndiyo maana nikiona neno "chemsha" naandika kwa herufi kubwa.

Usisugue jiwe kwa brashi likiwa nje ya maji, usiliweke kwenye microwave, usilipulizie maji kwa nguvu. Ukilishika, vaa glavu na miwani, na usijiguse jicho wala kidonda.

#3 MajiChumvi_Ntinda

Sufuria nimeirudisha sasa hivi. Nimekagua mawe kwa tochi na kweli kuna kundi la vifungo vya kijani na kahawia kwenye jiwe kubwa. Nimekuwa nikilishika mikono mitupu mwezi mzima. Ahsante sana, mama. Jirani nimemweleza, naye ameshtuka.

Sasa hao wengine nitawafanyaje?

#4 Mpwani_Kampala

Dada, pole. Nianze na hao 31, maana hao ndio hawatakupa muda.

Ni aiptasia, anemoni wa kioo, mnyama wa baharini mfano wa ua. Umesema kimoja kimekuwa sita: aiptasia huzaa kwa mguu. Akitambaa huacha vijinofu vya unyayo wake nyuma, na kila kijinofu huota anemoni mzima. Ulipokwangua kwa kisu ulimfanyia kazi yake. Hivyo kisu, brashi na kucha viache kabisa. Ana seli za kuuma kwenye minyiri, na akishafika karibu na matumbawe yako atayachoma hadi yajifunge.

Dawa ninayoiamini ni uji wa chokaa, yaani kalsiamu haidroksaidi. Tafuta iliyo safi ya kiwango cha chakula. Chokaa ya kupaka ukuta ni rahisi kupata, lakini ina uchafu mwingine ndani na hujui unaingiza nini. Changanya na maji safi hadi iwe nzito kama dawa ya meno iliyolegea. Chukua bomba la sindano la duka la dawa, na sindano iwe nene, zile za mifugo, maana nyembamba itaziba. Zima pampu zote. Shusha mkono polepole sana kutoka juu, usimtie kivuli, na umpe uji mdomoni kama unayemlisha mtoto. Wengi wataupokea kwa sababu wanadhani ni chakula. Akijivuta, funika tundu lote. Subiri dakika 20 ndipo uwashe pampu.

Usizidishe. Chokaa iliyoyeyuka majini ina pH (kipimo cha asidi na alikali) inayopita 12. Tangi la lita 240 lisipewe zaidi ya watano au sita kwa siku, na upime pH kabla na baada. Anza na walio karibu na matumbawe. Kesho utawakuta baadhi wamerudi, na utarudia. Mimi ilinichukua wiki saba.

Kuna pia dawa za dukani za kazi hiyohiyo, kama Aiptasia-X ya Red Sea, ukimpata mtu anayesafiri akuletee. Maji ya limau kwa sindano nimejaribu: huwaua wadogo, wakubwa hupona.

Na jambo moja, dada, ulipokee kwa wema. Aiptasia hawaongezeki kutoka wanne hadi 31 kwa mwanga peke yake. Unalisha mara ngapi kwa siku?

#5 MajiChumvi_Ntinda

Mara tatu. Samaki huonekana wana njaa.

#6 Mpwani_Kampala

Samaki wa anemoni ataonekana ana njaa hata ukimlisha mara kumi. Shusha hadi mara moja, kiasi cha kumalizika kwa dakika mbili. Robo tatu ya chakula chako kinaliwa na wageni.

#7 Fundi_Kasese

Samahanini, mimi ni mgeni kwenye maji chumvi, nina tangi la maji baridi tu. Nimesoma habari ya kutumbukiza jiwe kwenye maji ya chumvi kali ili wadudu watoke. Huku kwetu Katwe chumvi inavunwa ziwani kila siku, bei ni nafuu. Siwezi kuitumia kwa kazi hiyo, au hata kwa tangi zima?

#8 Mama_Tangi_Entebbe

Swali zuri sana, na nafurahi umeuliza kabla ya kununua gunia.

Hapana, kwa yote mawili. Ziwa Katwe ni ziwa la kreta, chumvi yake haikutoka baharini. Pamoja na chumvi ya kawaida, maji yale yana kaboneti na salfeti nyingi mno, ni maji ya magadi. Maji ya bahari yana pH ya 8.1 hadi 8.3, yana kalsiamu takriban miligramu 410 kwa lita na magnesiamu takriban 1,300. Chumvi ya Katwe itapandisha pH mbali na hapo, na kalsiamu itaganda iwe unga mweupe chini ya ndoo. Ni chumvi ya heshima, imelisha watu wa nchi hii karne nyingi, lakini tumbawe haliijui. Na chumvi ya mezani pia haifai.

Hiyo dawa ya kutumbukiza yenyewe ni ya kweli. Unatengeneza ndoo ya chumvi ya akwariamu iliyozidishwa hadi uzito wa maji, ukilinganishwa na maji safi, uwe 1.040 au zaidi kidogo, badala ya 1.025 ya tangini, joto liwe lilelile. Jiwe linakaa humo dakika moja, kaa na kamba na minyoo wanachomoka kukimbia, unalitikisa na kulirudisha. Wanaofaa utawaona ndani ya ndoo na utawaokoa kwa mkono. Mimi hupenda njia hii kwa sababu haiui jiwe lenyewe. Kumbuka tu haimtoi aiptasia: yeye ameshika.

#9 Akwaria_Jinja

Nyabo, huo mlio wako ndio ulionifanya nifungue akaunti.

Kuna wawili wanaogonga usiku. Wa kwanza ni kamba-bastola, mdogo, ana ukucha mmoja mkubwa, anaupiga mlio wa kupasua lakini hamdhuru mtu. Wengi humfuga kwa kupenda, maana anaishi shimo moja na samaki wa goby, yeye anachimba, samaki analinda mlango. Wa pili ni mantis, kamba aliyekunja mikono kifuani kama vunjajungu. Huyo ndiye anayepasua magamba.

Konokono wako ndio ushahidi. Kamba-bastola hapasui gamba vipande. Mantis wa aina ya tausi amepimwa mwaka 2004, pigo lake lilifikia mita 23 kwa sekunde, ndani ya maji. Wako bila shaka ni mdogo zaidi, lakini usitie kidole kwenye tundu lolote la jiwe kuanzia leo. Nasisitiza.

Jaribu mtego kwanza: kata chupa ya plastiki ya maji, geuza shingo iingie ndani, weka chambo cha kamba mbichi au konokono aliyekufa, laza karibu na sauti inapotoka. Hakikisha chupa ina uzito wa kuilaza chini. Mantis ni mwerevu, anaweza kukataa.

Akikataa, utafute jiwe lake. Kaa gizani na tochi uliyoifunga karatasi nyekundu. Tundu la mantis ni duara safi, na mbele yake kuna vipande vya magamba kama jalala dogo. Jiwe ukishalijua, litoe lote, lishike juu ya ndoo yenye maji ya tangi, na kwa bomba la sindano pulizia ndani ya tundu maji ya soda yasiyo na sukari wala ladha. Gesi ile haivumilii. Atadondoka ndooni.

Naomba jambo moja tu. Usimuue.

#10 MajiChumvi_Ntinda

Ssebo, kwa nini nisimuue? Amekula konokono watano.

#11 Akwaria_Jinja

Amekula kwa sababu ndiyo riziki yake. Nina tangi tupu la lita 60, hita ipo, pampu ipo. Nimetaka mantis miaka minne na hakuna njia ya kumpata hapa. Nitakuja Kampala kumchukua mwenyewe.

#12 Bwaise_Reef

Kuhusu minyoo yenye nywele: toa yote. Mimi nilichomwa na mmoja, vidole viliwaka siku tatu. Sitaki hata kumwona kwenye tangi langu.

#13 Mpwani_Kampala

Ndugu yangu Bwaise, pole kwa kuchomwa, lakini hapa sikubaliani nawe.

Minyoo ile ya waridi mingi ni wafagiaji. Inakula chakula kilichooza, inaingia nyufa ambazo konokono hafiki, samaki akifia nyuma ya jiwe inammaliza kabla amonia, sumu ya uozo, haijapanda majini. Mtu akiniambia ana minyoo mia, ninamwuliza analisha kiasi gani, siulizi amenunua dawa gani. Wingi wa minyoo ni hesabu ya chakula kilichobaki.

Wapo wabaya, ndiyo. Mnyoo-moto wa kweli ana vichaka vinene vya nywele nyeupe na rangi nyekundu au ya machungwa mgongoni, na hula matumbawe. Ukimkuta mnyoo amepanda juu ya tumbawe analila huku limefunguka na zima, huyo mtoe kwa kibano. Na yule mwenye pembe tano kichwani na mwili unaometa rangi za upinde wa mvua, yunisidi, anaweza kurefuka kupita mkono wako, naye mtoe. Hao wengine waache.

Sisi tuliokulia Likoni, Mombasa, tulikuwa tukienda mwambani maji yakipwa. Wakubwa walitufunza: ukigeuza jiwe, lirudishe lilivyokuwa, chini yake kuna wenyewe. Siku hizo nilidhani ni habari ya majini na mapepo. Sasa naelewa walimaanisha minyoo, kaa, viti vya pweza (wale wenye umbo la nyota) na kauri, kila mmoja na kazi yake.

Ukichomwa: usisugue. Bandika utepe wenye gundi, uvute, nywele zitatoka nao. Kisha siki nyeupe.

#14 Bwaise_Reef

Hapo kwenye siki umenisaidia. Nitaangalia kama wangu wana vichaka vya nywele au la kabla ya kuwatoa. Kuhusu kulisha pia nakubali, mimi hulisha sana.

#15 Mama_Tangi_Entebbe

Kaa mwenye nywele na ncha nyeusi mtoe. Kaa wa jiwe wanaofaa ni wengi, ila mwenye nywele mwili mzima na makucha meusi mazito akikua huanza kung'oa nyama ya matumbawe, na baadaye huvizia samaki waliolala. Glasi ya chai inatosha: iegemeze kwenye jiwe usiku na chambo ndani, atapanda jiwe na kutumbukia, hawezi kupanda kioo. Nimewakamata watatu hivyo. Muweke sampu, lile tangi la chini la kuchujia maji, kama unalo, atakula mabaki huko.

#16 Mgeni_Mbarara

Nimefuata uzi huu tangu mwanzo, naongeza ombi. Kwangu kuna vidubwasha vyekundu bapa, vya milimita tano hivi, vina mkia kama wa mbayuwayu, vimefunika mchanga na vioo. Muuza dawa za mifugo ameniambia levamisoli, ile dawa ya minyoo ya mbuzi na ng'ombe, itawamaliza. Ni kweli?

#17 Mpwani_Kampala

Levamisoli inaua minyoo bapa, hilo ni kweli, na wafugaji wa matumbawe hutumia. Hatari iko kwenye mambo mawili.

La kwanza, chupa ya dawa ya mifugo mara nyingi imechanganywa na dawa nyingine ya minyoo ya ini. Soma kibandiko chote. Kama si levamisoli peke yake, usiitie tangini.

La pili ndilo linalomaliza matangi ya watu. Minyoo bapa nyekundu ina sumu mwilini, na ikifa yote kwa pamoja inaiachia yote kwa pamoja. Asubuhi unakuta minyoo imekufa na samaki wamekufa. Kwa hiyo usianze na dawa. Anza na mpira mwembamba wa kunyonyea maji: wiki mbili nzima, kila jioni, wanyonye kutoka mchangani hadi wabaki wachache. Ndipo utie dawa, mkaa amilishi (wa kufyonza sumu majini) ukiwa umeshapimwa na uko tayari, na maji mapya ya chumvi yasiyopungua theluthi ya tangi yamesimama kwenye jerikeni. Saa moja baadaye weka mkaa, badilisha maji. Wale wafagiaji wa waridi nao watadhurika kwa dawa hiyo, na hilo ndilo linalonifanya niipende kidogo.

Wengine wakishawanyonya vizuri hawahitaji dawa tena.

#18 MajiChumvi_Ntinda

Nina taarifa.

Chupa ilishindwa siku tatu mfululizo. Usiku wa nne nilizima kila kitu hadi friji ili nisikie vizuri, nikakaa sakafuni na tochi ya karatasi nyekundu. Saa sita na robo nikasikia "tak!" na nikaona mchanga ukiruka mbele ya jiwe la pili kutoka kushoto. Tundu ni duara kama limechongwa. Jalala la magamba lipo, kama alivyosema ndugu wa Jinja.

Nililitoa jiwe na glavu, kaka yangu akashika ndoo, nikapuliza soda. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili alianguka. Ni wa sentimita tano, kijani cha jani la mgomba, macho yamesimama kwenye vijiti na yananitazama, kila jicho upande wake. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilikaa naye kwenye ndoo hadi saa nane usiku.

Yuko kwenye ndoo yake yenye kifuniko, jiwe dogo na pampu ya hewa. Kaa naye amekamatwa kwa glasi ya chai, usiku wa kwanza tu.

Aiptasia nimeanza jana, watano. Watatu leo hawapo.

#19 Akwaria_Jinja

Kijani. Sijui niseme nini. Mpe kamba mbichi kipande kama ukucha, siku moja ndiyo moja hapana. Nakuja.

#20 Bwaise_Reef

Kwa nini tusimalize aiptasia kwa kamba wa peremende? Nasikia wanakula wote.

#21 Mama_Tangi_Entebbe

Wengine wanakula, wengine hawagusi. Huanza na wadogo, wale wakubwa kama sarafu huwaogopa. Kwa dada wa Ntinda nisingeanza nao, ila baada ya chokaa kuwapunguza, kamba watatu wangefaa kuokota watoto wanaochipuka.

Angalia unauziwa nani. Kamba wa peremende wa kweli ni Lysmata, mwili karibu wa kupenyeza, mistari myekundu. Kuna mwingine, Rhynchocinetes, ana kibyongo mgongoni, mistari mieupe iliyokolea katikati ya wekundu, macho makubwa, na mwiba mrefu wa usoni anaoweza kuukunja juu na chini. Huyo huuzwa kwa jina lilelile, na anakula zoanthidi na matumbawe laini.

Koa wa Berghia ndiye mwenye kazi safi kuliko wote, maana hana chakula kingine duniani isipokuwa aiptasia. Wakiisha, naye hufa kwa njaa. Sijamwona akiuzwa Kampala. Kuna pia kitatange mwenye pua ndefu na mistari ya shaba, Chelmon rostratus, lakini lita 240 ni ndogo kwake, na wengi hukataa kula chochote ulichonacho jikoni. Usimnunue samaki kama chombo cha kazi.

#22 Mpwani_Kampala

Nataka tuseme la mwanzo, ambalo limepita haraka: dada aliyapanga mawe jioni ileile. Wengi tumefanya hivyo, kwa sababu jiwe hai likishafika Kampala mtu ana njaa nalo. Lakini ndoo ya pembeni ingemwonyesha yote haya kabla.

Mimi nikipata jiwe hulituliza kwenye pipa la plastiki wiki sita hadi nane. Chumvi 1.025, joto 25 au 26, pampu ya nguvu, gizani ili mwani usishike. Gizani pia huona vizuri nani anatembea usiku. Amonia hupanda siku za kwanza kwa sababu sifongo na vingine vilivyoumia safarini vinaoza. Nabadilisha maji, naondoa kilichokufa, nasubiri amonia na naitriti zisome sifuri wiki mbili mfululizo.

Kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya watu wa pwani havilisemi. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji yanashika oksijeni pungufu kuliko yale ya Mombasa kwa joto lilelile. Pipa lenye jiwe linalooza linaila oksijeni hiyo upesi. Umeme ukikatika kwa muda wa saa nne, pale Mombasa pengine utaponea, hapa utakuta pipa linanuka yai bovu. Kwa hiyo pampu ya hewa ya betri si anasa. Weka mbili.

Na maji ya mvua kutoka kwenye mabati, hata kama ni matamu kunywa, yapitishe kwenye mashine ya RO, ile inayochuja maji kwa utando, kwanza. Bati linaachia zinki, na viumbe visivyo na uti wa mgongo havivumilii metali.

#23 Fundi_Kasese

Hili la mita 1,200 limenifungua macho. Hata samaki wangu wa maji baridi huja juu kuvuta hewa umeme ukipotea, nilidhani ni ugonjwa.

#24 MajiChumvi_Ntinda

Wiki ya tisa tangu nifungue uzi.

Aiptasia: nilifika hadi wawili, kisha nikakuta tisa nyuma ya jiwe kubwa ambako sindano haifiki. Nililia kidogo. Jiwe hilo nimelitoa, liko peke yake kwenye pipa la gizani sebuleni, likitulizwa upya kama alivyosema mzee Mpwani, na ninawapiga chokaa huko huko bila hofu ya pH kwa samaki. Ndani ya tangi sijaona hata mmoja kwa siku kumi na moja. Nakagua kila usiku na kioo cha mkononi, ili nione nyuma ya mawe.

Konokono saba wapo, wote saba. Minyoo ya waridi imepungua yenyewe tangu nilipoanza kulisha mara moja. Vifungo vya kijani nimeviacha vilipo, na kwa kweli vimefunguka vizuri tangu aiptasia waliokuwa pembeni waondoke. Glavu zinaning'inia kwenye kabati la tangi, na mpwa wangu anajua hagusi bila hizo.

Jambo jipya: kwenye jiwe la kushoto kuna mirija midogo migumu kama kucha, na kila jioni inatoa utando wa ute unaonasa matumbawe. Ni nini?

#25 Mama_Tangi_Entebbe

Konokono wa mrija, vermetidi. Ute ule ndio wavu wake wa kuvulia chakula. Hatembei, kwa hiyo huyu ni rahisi: pampu zime, vunja mrija hadi chini kwa kibano, kisha ziba tundu kwa gundi kali ile nzito ya jeli. Hugandia hata majini. Ukivunja bila kuziba atajenga tena. Miwani, mwanangu, mrija ukivunjika ncha zake zinakata.

#26 MajiChumvi_Ntinda

Nimeelewa mama. Gundi ninayo, naanza kesho.

Ndugu wa Jinja, mantis amejichubua gamba la kwanza jana, ameacha ngozi nzima mlangoni mwa jiwe lake, hata macho yapo. Nimeiweka kwenye karatasi nikuonyeshe. Hatoki wala hali, nimesoma kwamba gamba jipya huchukua siku kadhaa kukomaa. Tusimsafirishe Jumamosi hii. Njoo ile inayofuata, na ndoo yenye kifuniko, na jiwe lake utaondoka nalo ili asianze nyumba upya.

#27 Akwaria_Jinja

Jumamosi inayofuata, saa nne asubuhi. Maji ya kwangu nayafikisha 1.025 leo ili yatulie kabla hajafika. Ile ngozi usiitupe.